Konti

Alifika dirisha la nne saa nne na robo,
tiketi ya foleni imelowa kiganjani,
jina Nabintu Esperansi, mtu wa Bukavu.
"Minataka kufungula konti," akasema,
na mimi, mzaliwa wa Nyalenda,
niliyepata alama nzuri za Kiswahili,
nikamwomba arudie.

Tukaelewana kwa kuvutana neno kama kitambaa,
yeye feza, mimi pesa,
yeye beyi, mimi bei,
mpaka konti yake ikaingia kwenye akaunti yangu
kama mguu ndani ya kiatu cha dada mkubwa.

Pasipoti anayo. Kibali cha miezi mitatu anacho,
mhuri wa Busia wino wake bado unang'aa.
Picha mbili; kwenye moja amefumba macho.
Namba ya ushuru alitengenezewa na kijana wa saiba
kwa shilingi mia tatu.
Bili ya stima hana.
Ana karatasi ya daftari, mwandiko wa mwenye nyumba:
*Huyu anakaa kwangu Manyatta, chumba cha mwisho
karibu na bomba. Analipa. Hana makelele.
Ni mimi, Perez Awuor.*

Fomu yetu haina kisanduku cha "hana makelele".

Chanzo cha fedha?
Akalaza mikono kwenye kaunta, viganja juu.
Ncha za vidole zimetobolewa tobolewa
kama kifuniko cha chupa ya chumvi.
Sare ishirini na mbili za kwaya ya Kondele.
Gomesi ya bibi mmoja aliyebadili kiuno mara tatu.
Sketi za shule, hizo hakuzihesabu.
Hakuniambia kama kibali kinaruhusu kushona.
Sikumwuliza.
Nafasi ilikuwa ya herufi kumi na mbili.
Nikaandika CHEREHANI. Zikabaki tatu.

Sababu ya kutuma?
"Manjanja."

Kidole changu kikaganda.
Semina ya mwezi wa pili ilituonya:
ukinusa ujanja, mwite meneja,
wala usibadili sura.
Nilibadili sura.
"Manjanja ya nini, mama?"
"Ya nyumba ya mama. Kumi na ine.
Mvula inamunyeshea mu kitanda."
Akachora paa kwa kidole juu ya kioo,
akaligonga kwa ukucha, nga, nga, nga.

Bati!
Mungu anisamehe. Bati.

Sahihi, mara tatu, zifanane.
Ya kwanza ilisimama wima kama mtoto siku ya kufungua shule,
ya pili ikalegea,
ya tatu ikawa ya mtu mwingine kabisa.
"Mu Busia waliniuliza maulizo matatu," akasema.
"Feza yangu munaiuliza makumi mbili.
Iko na kosa gani?"
Nikamjibu tulivyofundishwa kujibu:
ni utaratibu.

Pesa ikaondoka Jumanne.
Ijumaa ikarudi, imekonda;
jina la mama yake lilikosa herufi moja
na dola thelathini na tano zimeliwa njiani,
sijui na nani, mimi mwenyewe ninayevaa tai yao.
Tukaituma tena.

Leo yuko hapa, hataki kiti.
Wingu la Nandi limeshavuka uwanja wa ndege
likielekea ziwani.
Nafungua mashine nimwonyeshe ilipofika.

"Iko Frankfurt."
"Kwa nani?"
"Benki ya kati. Inapita tu."
Akahesabu kitu kwa vidole vile.
"Mi nilitoka kule na basi, siku tatu.
Na yeye amepitia Bulaya."

Tone la kwanza likagonga paa, kisha la pili,
na foleni nzima ikainua macho.
Nabintu peke yake hakuinua.
Aliinama karibu na kioo,
akitazama lile neno kwenye mashine yangu.

"Na huko," akauliza, "kunanyesha?"